Nyongeza Kabla ya Kipimo

Nyumba ya nyuma ya soko,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Za huko? Za kazi, za baridi, za hao mnaokaa nao nyumba moja? Huku sisi tu wazima, ila ni uzima wa kuokoteza, leo goti, kesho mgongo. Mama yako hajambo. Macho yake yamepata nafuu tangu apewe miwani, na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi. Mimi nashona kama kawaida. Huu ni msimu wa sare za shule, kwa hiyo chumba cha mbele kimejaa kitambaa cha buluu, na mgeni akija anakaa juu ya sketi za watoto wa watu.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaingia nikaisoma tena nimekaa. Nimefurahi mno kwamba umeanza kukimbia. Wewe, uliyekuwa ukitumwa kiberiti tukishapika kwa moto wa jirani ndipo unarudi, leo unatimiza miezi minne ya mazoezi na unajiandaa kwa mbio za kilomita ishirini na moja mwisho wa mwezi wa saba. Mungu ana maajabu yake.

Sasa, umeniuliza swali moja, na umenitajia jambo moja ukalipita haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemjua. Swali ni kwamba ununue kopo gani, maana wenzako wote wa mazoezi wana unga wa misuli, vidonge vya nguvu, maji ya rangi, na wewe unajiona umebaki nyuma. Jambo ni kwamba siku hizi unaamka umechoka, ngazi za hapo ghalani kazini unapumzika katikati, ukiinama kufunga viatu unaona nyota, na mchana, badala ya kula, unakoroga kwenye maji unga wa kuomba kwa wenzako na kuunywa wima kwa sababu mapumziko ni mafupi, na rafiki yako mmoja amekugawia vidonge vyake vya chuma. Halafu ukaandika pembeni, kwa herufi ndogo, nisimwambie mama yako.

Sijamwambia. Lakini mwanangu, siri hii naibeba kama yai kwenye mfuko wa suruali. Kila nikikaa karibu na dada yangu naogopa kukaa vibaya.

Nitakujibu, ila nitazunguka kidogo. Sina elimu ya mambo haya. Shule yangu iliishia pale cherehani ilipoanzia, na ninachokijua nimekijua kwa kujikwaa.

Labda hujui jinsi mimi mwenyewe nilivyoanza kukimbia. Mkaza mjomba wako alipokuwa hai, kila alfajiri nilimsindikiza sokoni, gunia la maharagwe juu ya baiskeli, yeye upande huu, mimi upande ule. Tulipomzika, watu walikuja, wakakaa nami, wakaondoka. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Lakini mimi niliendelea kuamka saa ile ile, na miguu ikaendelea kwenda. Nilikuwa nafika kwenye lango la soko, nalitazama, narudi. Siku moja mvua ikanikuta kwenye kona ya duka la kuchapisha kadi, nikakimbia hadi nyumbani. Nilipofika mlangoni nikagundua kwamba tangu pale konani sikuwa nimewaza kitu chochote. Kesho yake mvua haikunyesha, nami nikakimbia vivyo hivyo.

Baadaye nikajiunga na watu wa Jumamosi, wanaokimbia kuzunguka uwanja wa shule. Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu wa mazoezi, mama mmoja mkakamavu tunayemwita Filimbi, kwa sababu hata akisalimia unahisi amepuliza. Yumo pia kinyozi wa mtaa wa pili, mwenye mzaha mwingi. Mimi wananiita Mzee Uzi, kwa kazi yangu na kwa umbo langu. Basi kinyozi akaniona ninavyokonda, akasema mbele ya watu, "Mzee Uzi, punguza mbio. Ukizidi hapo tutakupitisha kwenye tundu la sindano."

Tulicheka wote. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mkimbiaji mpya asiyekula vya kopo anajichimbia kisima kwa kijiko. Makopo hayo anauza mwenyewe, pale chini ya kioo, kando ya nyembe. Si mtu mbaya. Anayanywa na anayaamini. Nikanunua moja.

Nyumbani nikavaa miwani nikasoma. Limeandikwa: kipimo kimoja asubuhi, kipimo kimoja jioni. Na hapa, Chiriku, ndipo lilipo kosa ambalo lingeweza kufanyika katika nyumba yetu tu. Wewe umewahi kulala katika nyumba hii, unajua. Kwetu neno kipimo lilikuwa na maana moja: lile kopo la bati la mkaza mjomba wako, lenye mpini wa waya na kibonyeo ubavuni, alilopimia mchele na maharagwe. "Nani kachukua kipimo." "Msilowanishe kipimo." Alipofariki nililitundika kwenye msumari jikoni, na sikulitumia tena. Basi nikalishusha. Nikalifuta vumbi. Nikalijaza ule unga, nikausawazisha juu kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kumtazama akiongeza, nikachota tena kidogo kwa vidole nikaweka juu. Nyongeza.

Kumbe kijiko chao cha plastiki, ambacho ndicho kipimo chenyewe, kilikuwa kimezama chini ya unga. Mimi sikukiona. Nilikoroga kwenye jagi ikawa kama gundi ya karatasi, nikanywa yote, huku nikijiambia kwamba kumbe wanariadha wana mateso.

Yaliyofuata sitakuandikia yote, wewe ni mtoto wangu na mimi nina haya zangu. Kufikia saa nne njia ya chooni ilikuwa imelainika, na moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani iliyokanyagwa na mtu mwenye hasira. Fundi viatu wa jirani alinikuta nimeshika mlango, akanipeleka zahanati.

Muuguzi aliniuliza nimekunywa kiasi gani. Nikamwambia kipimo kimoja, kama walivyoandika.

"Kipimo kipi?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akaweka kalamu chini, akatoka nje, nikamsikia anacheka kwenye ukumbi. Akarudi uso ukiwa umekazwa. "Baba," akasema, "hicho ni kipimo cha harusi."

Aliponipa maji ya chumvi na sukari na moyo ukatulia, akaanza kuniuliza nakula nini kwa siku. Nikaona aibu kumjibu. Asubuhi chai na mkate. Mchana, tangu mke wangu aondoke, nilikuwa napitiliza na cherehani, maana kupika kwa mtu mmoja ni kazi na kula peke yako ni kazi nyingine. Jioni kiporo, nikikumbuka. Na juu ya hayo nakimbia kila siku. Akaandika, akanitazama.

"Baba, nyongeza hutolewa juu ya kipimo. Wewe hujapimiwa bado."

Hakujua anamwambia nani. Hakujua kwamba mke wangu aliitwa Mama Nyongeza soko zima, kwa sababu ya ule mkono wake uliorudi guniani mara moja zaidi baada ya kipimo kujaa. Na hakujua kwamba wapo waliokuja na vibakuli vyao kumwomba nyongeza tupu, bila kununua, naye akiwajibu kwa kicheko kwamba nyongeza haitembei peke yake, ina mama yake, mchukueni mama kwanza. Mimi niliyasikia maneno hayo miaka ishirini na sita, na hayakunifaa kitu mpaka nilipoyasikia kwa mtu mwingine. Nililia pale kitandani. Muuguzi akadhani ni tumbo.

Kwa hiyo jibu la swali lako, mpwa wangu, ni kwamba hapana kopo la kununua kwanza. Kwa mtu anayeanza kama wewe na mimi, chakula ndicho kipimo. Wali au viazi vya kukupa nguvu ya kukimbia, maharagwe, mayai au samaki vya kujenga misuli unayoichosha, mboga za majani, tunda, na maji. Na usingizi. Filimbi anasema hakuna kiwanda kilichowahi kufungasha usingizi kwenye kopo, ndiyo maana hakuna anayeutangaza. Ukikimbia chini ya saa moja, maji yanatosha. Ukizidi hapo, hasa kwenye jua, ndizi au maji yenye sukari na chumvi kidogo yatakufaa, na hayo unayaandaa jikoni kwako. Chai usiinywe pamoja na chakula, isogeze mbele kidogo, maana muuguzi ameniambia inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga yasiingie mwilini. Hilo limeniuma, unanijua mimi na chai.

Tena usidanganywe na wanaosema kopo limewapa mapafu. Miezi ya kwanza kila mkimbiaji huenda mbele, kwa sababu mwili unajifunza. Kinyozi wetu alianza kopo lake wiki ile ile mkewe alipomkataza kukesha na mpira. Alipopunguza dakika tatu akasema ni kopo. Filimbi akamwambia, "Basi Jumamosi livishe viatu lije lenyewe, wewe ubaki na wateja." Lakini nitende haki: kopo halikumdhuru, na kuna wanaosafiri au kukosa muda ambao kikombe cha unga ule kinawasaidia, kikiwa pamoja na mlo. Sisemi ni sumu. Nasema si mlo. Na yapo ambayo ndani yake mna vitu visivyoandikwa nje, hayo hata Filimbi anayaogopa.

Vilevile yuko mama mmoja mkutubi, tunakimbia naye, asiyekula nyama, samaki wala mayai. Yeye daktari alimpima akakuta amepungukiwa na vitamini, akampa vidonge, na vimemsaidia kweli. Amekuwa mwepesi, sasa hivi ananipita kila mzunguko na ananiombea dua akinipita. Lakini yeye alipimwa kwanza.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mkaza mjomba wako alianza kuchoka zaidi ya mwaka mmoja kabla hajafariki. Alikuwa akirudi sokoni anakaa kwenye kiti bila kuvua kilemba. Aliinama kuokota kitu, akashika ukuta. Alisema ni uchovu wa soko, nami nikasema ni uchovu wa soko. Nikamnunulia vidonge vya kuongeza nguvu, vile vya kwenye boksi jekundu. Alivimeza akasema anajisikia vizuri, pengine kwa kunifurahisha. Vikiisha naleta vingine. Nilijiona mume mwema. Mwaka mzima nilikuwa namwongezea nyongeza juu ya kitu ambacho hakuna aliyekipima. Siku tulipokwenda hospitali kubwa wakachukua damu, daktari aliinamisha kichwa akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini tumechelewa. Nilikuwa na boksi jekundu mfukoni.

Mimi ni fundi, Chiriku. Sijawahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla sijampima, hata awe mteja wa miaka kumi, kwa sababu miili hubadilika. Mke wangu mwenyewe nilimkisia.

Sisemi kwamba unaumwa alichoumwa yeye. Nakuomba sana usilale na wazo hilo. Alhamisi nilikwenda zahanati kumuuliza yule muuguzi kuhusu binti mmoja, bila kutaja jina, na hakuonyesha kuogopa. Alisema huenda ni njaa tu, maana unakimbia kwa miguu miwili na kula kwa nusu tumbo. Alisema pia kwamba nyinyi wanawake, kwa yale mambo yenu ya kila mwezi ambayo mimi mjomba sitayaandika hapa, mkikimbia sana mnaweza kupungukiwa na chuma kwenye damu, na hilo likijulikana lina tiba. Lakini akasema lijulikane. Vile vidonge vya chuma ambavyo rafiki yako amekugawia, usivimeze kwa kukisia. Asiyepungukiwa akivizidisha vinamdhuru, na aliyepungukiwa anahitaji kiasi chake, si cha rafiki. Na kama ni kitu kingine, vidonge vitakifunika tu, kama mkeka juu ya tundu la sakafu.

Basi ombi langu ni moja. Wiki hii, kabla hujakimbia tena, nenda ukapimwe damu. Waambie yote uliyoniambia mimi, na ngazi uzitaje, na nyota uzitaje. Usijifanye mkakamavu mbele ya daktari, pale hapana medali. Kisha uniandikie walichosema, kiwe kizuri au kibaya, na usikipunguze makali kwa ajili yangu. Mimi nimeshapunguziwa makali na mtu aliyenipenda, na najua gharama yake.

Kuhusu mama yako, nitalishika neno langu hadi mwisho wa mwezi huu. Ikifika tarehe hiyo sijapata barua yako, nitamvalisha miwani yake nimpe barua yako aisome mwenyewe, kwa sauti. Utanikasirikia. Nimefikiri sana, nikaona afadhali hasira zako.

Na wakikwambia upumzike, pumzika. Najua umeshalipia mbio na umeshawatangazia watu. Mbio hizo zitarudi mwakani, na barabara haitakuwa imehama. Wakikwambia kimbia, kimbia polepole, ule kabla, na ukisikia watu wa mbele yako wanafungua vipakiti vyao vya rangi, waache na vyao.

Mimi siku hizi nala mchana. Si mambo makubwa. Saa sita nazima cherehani, nasogeza sare za watu, napika sufuria ndogo. Mwanzoni nilikuwa napika kwa wawili kwa kusahau, sasa napika kwa mmoja na nusu, na hiyo nusu anakuja kuimaliza fundi viatu, ambaye hajawahi kukataa. Nimeongezeka kilo mbili. Kinyozi anasema jina langu itabidi libadilishwe liwe Kamba.

Habari nyingine za huku ni chache. Bomba la mtaa lilipasuka wiki iliyopita, likazibwa, likapasuka tena. Yule paka wa mkaza mjomba wako, aliyetoroka siku za msiba, amerudi, mnene kuliko alivyoondoka, wala haelezi alikuwa wapi.

Mama yako anakusalimu, anasema picha yako ya mwisho umevaa soksi zisizofanana, na anauliza kama huko hakuna taa. Fundi viatu anakusalimu, anasema viatu vya mbio vikianza kulika upande mmoja usivumilie. Filimbi hakujui ila amesema nikwambie usipandishe mabega ukikimbia. Nisalimie wote mnaokaa pamoja, na hasa huyo rafiki yako wa vidonge. Mwambie mjomba anamshukuru kwa moyo wake, ila vidonge avirudishe mfukoni.

Mungu akulinde katika kwenda na kurudi kwako, akupe daktari mwenye masikio, na akupe subira ya kukaa chini ule.

Saa zenu na zetu hazilingani, haidhuru. Ikifika mchana wa huko, vua glovu, tafuta hata boksi la kukalia hapo ghalani, ufungue chakula chako. Nami nitakuwa nimekwisha kukaa na changu. Ukitia tonge la kwanza mdomoni, unikumbuke.

Ni mimi nikupendaye pasipo kipimo,
Mjomba wako, Mzee Uzi.